Springi Mbili na Mguu wa Kukopa

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama yangu mzazi alisema hata kanisani nilikaa kama mtu aliyekalia siafu, na mahubiri yakirefuka alinifinya paja ili angalau nihangaike kwa sababu. Kwa hiyo sijui ni mzaha wa nani ulionipa mume ambaye raha yake yote duniani ni kwenda juu na kuniacha mimi chini nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alizaliwa Masama, wa kati katika nyumba ya wavulana watatu. Kwetu Uchagani mtoto wa kati hujua mapema habari zake. Kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, huenda kwa wa kwanza na wa mwisho, na wa kati hupewa baraka na kuonyeshwa barabara. Yeye barabara aliyoichukua ilipanda. Akawa mwongoza watalii mlimani, na kazi hiyo ingemtosha kama siku moja, akiwa karibu na kilele, asingeona ndege ndogo ikipita chini yake. Alinisimulia habari hiyo tukiwa bado wachumba, na aliisimulia kwa mikono zaidi kuliko maneno. "Chini yangu," alisema. "Niliuona mgongo wake." Ningekuwa na akili ningekimbia siku ileile.

Sikukimbia. Tuliijenga ndege uani kwetu Shirimatunda, kutoka kwenye makasha ya vipande na michoro. Nasema tuliijenga kwa sababu mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, nimeshika nyundo na ribiti za kuunganishia bati tangu ujana wangu, na hakuna bati la ndege ile ambalo halikupita mikononi mwangu. Ni ndege ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega, kila mmoja na pedali zake. Bawa moja lilikaa sebuleni muda mrefu hata wageni wakazoea kuinama kabla ya kusema shikamoo. Ilipokamilika tuliipeleka kwa lori hadi kwenye kiwanja cha nyasi huko tambarare, chini ya mji, ambako mwenye shamba alituruhusu kujenga banda. Mkaguzi wa usafiri wa anga akaikagua, ikaruka. Majirani waliokuwa wakisema tunatengeneza jeneza lenye mabawa wakaanza kuulizia nafasi.

Lazima nieleze pedali, maana kisa chote kimo mle. Ndege yenye injini moja puani ina ukaidi wake. Ukiipa nguvu zote ili ipande, pua inataka kwenda kushoto. Si ugonjwa, ni namna panga boi linavyozunguka na kuutupa upepo mkiani. Rubani anaizuia kwa kukanyaga pedali ya kulia, ambayo inavuta usukani wa mkia, ule ubao uliosimama nyuma kabisa na kucheza kwenye bawaba kama mlango mdogo. Anakanyaga na kuendelea kukanyaga mpaka afike juu anakotaka. Mbele yake kuna kioo kilichopinda kama ndizi, na ndani yake mna gololi nyeusi. Ndege ikienda kombo, gololi inakimbilia pembeni, na kanuni ni moja tu: kanyaga upande iliko gololi. Kwa mwenye miguu yake miwili, hiyo ni kazi ndogo.

Halafu akaanguka na pikipiki. Alikuwa anashuka kutoka kumsalimia mama yake, mvua imenyesha, barabara ya udongo imekuwa sabuni, na pikipiki ikamlalia goti la kulia. Walimwekea vyuma, akatembea kwa magongo, kisha bila magongo, lakini nguvu haikurudi yote. Ule mguu unashika, halafu unatetemeka, halafu unaacha. Mlima ukamwishia hapo. Hakuulilia. Alisema bado ana ndege.

Siku ya kwanza kuruka baada ya kupona nilikaa kiti cha kulia kama mzigo. Tuliondoka vizuri. Tulipoanza kupanda niliona jasho likimtoka nyuma ya sikio, kisha nikaona goti lake linacheza, kisha nikaona kilele cha Kibo, kilichokuwa mbele yetu, kikihama polepole kwenda kulia ingawa hakuna aliyeamua kugeuka. Gololi ilikuwa imejibanza pembeni. Nikatazama miguu yangu, nikaona pedali, pacha wa ile yake, ipo tu haina kazi. Nikaikanyaga. Kibo ikarudi mahali pake. Hatukuizungumza habari hiyo mpaka tulipokuwa mezani nyumbani, na hata hapo alisema tu, "Mguu wako mzito." Nikamjibu ni mguu wa mtu anayenyoosha magari ya watu.

Basi ikawa desturi yetu. Yeye mikono, mimi mguu. Akisema "haya," nakanyaga. Tukifika juu akipunguza nguvu, naachia taratibu. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nikawa naringa. Mimi nisiyeweza kumaliza ibada bila kwenda nje mara mbili, pale juu nilitulia. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ni kutulia: kushikilia, kusikiliza injini, kuikodolea macho gololi. Sijapata mahali pengine pa namna hiyo duniani. Nilipapenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Aliyevuruga ni mkaguzi. Alikuja kwa ukaguzi wa kawaida, akamwona anachechemea, akauliza maswali, na mume wangu hajui kudanganya, hiyo ndiyo hasara ya kuolewa na Mlutheri wa kweli. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mzee wangu, rubani ni yule anayeweza kuipandisha na kuishusha akiwa peke yake," alisema. "Miguu ya mama haimo kwenye leseni."

Akampa muda mpaka masika yaishe. Akirudi, mume wangu aruke peke yake mbele ya macho yake, la sivyo aache kuruka kabisa. Alisema kwa upole, ndiyo maana sikupata pa kumkasirikia. Nikamtazama mume wangu nikaona ameshaanza kuzeeka palepale alipokuwa amesimama. Wanaume waliokosa pa kupanda nawajua. Wanakaa barazani na redio, wanagomba na kuku, na ukiwauliza jambo wanakujibu kesho yake. Sikutaka mmoja wao nyumbani kwangu.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta kitulizo. Wenye ndege wana jina lao la kizungu. Sisi tuliita kitulizo, kitu cha kumshikia rubani ile pedali ili mguu wake upumzike. Vipo vya namna nyingi, na nilivivamia vyote kwa pupa, maana kungoja sijui.

Kwanza kilikuwa kibati. Kina ukubwa wa kiganja, alumini laini, unakipigilia kwa ribiti kwenye ukingo wa nyuma wa usukani wa mkia, kisha unakikunja kwa mkono. Ukitaka usukani uende kulia, kibati unakikunja kushoto. Upepo unakisukuma, nacho kinausukuma usukani. Nilikunja kidogo, tukaruka, tukatua, nikakunja tena. Kilipokaa sawa kwa kupanda, mguu wake haukutetemeka hata kidogo, nami nikashangilia mapema. Tulipopunguza nguvu ili tushuke, pua ikageukia kulia kama ng'ombe aliyeona majani, na sasa ukawa mguu wa kushoto unaohangaika. Nikakikunjua kifae kwa mwendo wa kawaida, basi mguu wa kulia ukarudi kwenye adhabu yake wakati wa kupanda. Kibati kina neno moja tu. Ukishakiambia huku chini, huko juu huwezi kukibadilisha mawazo.

Nikaja na mpira. Nilikata tubu ya tairi vipande, kama vile vya kufungia mizigo kwenye baiskeli, nikaifunga pedali ya kulia iwe inavutwa mbele muda wote. Asubuhi, baridi ikiwa bado inashuka kutoka mlimani, ulivuta kama fahali. Jua likipanda ukalegea. Na kosa lake lilikuwa lilelile la kibati: wakati wa kushuka haukujua kuachia. Mume wangu alitua siku hiyo amekunja uso, mimi nikaukata mpira kwa kisu kabla hata panga boi halijasimama vizuri.

Yeye akataka mota. Aliiona kwenye simu: kimota kidogo cha umeme kinakaa mkiani, rubani anabonyeza swichi, kibati kinajikunja chenyewe kikiwa angani. Ni kifaa kizuri, sikatai, na wapo wanaoruka nacho miaka. Lakini nilikuwa nimeshachoka. Nilimwambia kwamba ukiongeza uzito nyuma ya bawaba za usukani bila kuupimia, unaukaribisha utetemeke hewani mpaka ung'oke. Nikamwambia kwamba swichi ikikwama wakati kibati kimejikunja hadi mwisho, mguu wake utapigana na mota. Nikamalizia kwamba nijuavyo mimi, mota haina goti bovu.

Aliiweka simu chini. Kisha akasema, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Mama, nimechoka kuruka na mguu wa kukopa."

Mguu wa kukopa. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nikazunguka tena. Mguu niliompa bila kuombwa, nikaushikilia mpaka nyonga inauma, nikashuka kila mara nikijifanya siumwi, leo ni wa kukopa! Nilipika mtori wa ndizi nikauweka mezani kwa kishindo, nikaenda kula jikoni nimesimama. Siku zilizofuata hatukusemezana zaidi ya chumvi na funguo. Yeye akishika kitasa cha mlango huu, mimi natokea mlango ule.

Hasira yangu ina faida moja, haiketi. Nikapanda gari mpaka Himo, pale njia panda ambako vipuri vya pikipiki vimetandazwa kila kibanda, nikachagua springi za stendi. Ni zile fupi, ngumu, zinazoirudisha stendi juu ukiipiga teke. Nilizivuta mkononi moja baada ya nyingine mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nafanya mazoezi. Nilitaka mbili zinazolingana. Kila moja ningeifunga kwenye waya wa pedali moja, na kati ya viti ningeweka fimbo ndogo ya chuma yenye meno ya kushikia. Fimbo ikiwa mbele kabisa, springi zote zimelegea na ndege inabaki na ukaidi wake. Ukiivuta nyuma, springi ya kulia inakaza, pedali inajikanyaga. Ukitaka kushuka unairudisha. Na kitu kikienda vibaya, hata mguu wa mgonjwa unaishinda springi. Hilo ndilo nililolitaka kuliko yote.

Aliniona nazifunga, akasimama kwenye mlango wa banda.

"Hizo springi za nini?"

"Za pikipiki."

"Pikipiki ndiyo iliyonichukulia mguu."

"Basi irudishe," nikasema, nikaendelea kukaza nati. Kwa siku zile, hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Asubuhi ya kuzijaribu nilifika uwanjani nimechelewa kidogo, nikamkuta ameinama mkiani mwa ndege. Sasa, kuuzunguka mkia kabla ya kuruka ni kazi yangu. Nimeifanya tangu siku ya kwanza: nashika usukani, nautikisa, natazama bawaba moja moja, napapasa kibati. Nilipomwona kule nikasema moyoni, ah, leo hataki hata mikono ya kukopa. Alipoingia bandani kidogo, nikaenda moja kwa moja kwenye kiti changu, nikafunga mkanda, nikakunja miguu chini ya kiti kama mgeni aliyeambiwa asichafue zulia.

Alikanyaga kulia, akakanyaga kushoto, usukani ukacheza vizuri. Akaivuta fimbo hadi kwenye jino nililolipaka rangi nyekundu, akatia nguvu yote, nyasi zikakimbia, tukaondoka. Kwa kitambo kifupi pua ilinyooka mbele kama askari, nami nikajisifu kimyakimya. Kisha ikaanza kwenda kushoto.

Akavuta fimbo jino moja zaidi. Kushoto. Akavuta mpaka mwisho. Kushoto bado.

"Springi zako dhaifu," akasema.

"Springi zangu si dhaifu!"

Akaweka mguu wake, goti likaanza kucheza. Niliapa sitakanyaga. Niliapa kwa muda wa pumzi moja, kisha nikakunjua miguu nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Pedali ilienda nusu ikagoma. Haikugonga chuma, iligonga kitu laini, kama mlango uliobanwa na nguo. Sasa tulikuwa na springi mbili, mguu wake na mguu wangu, na pua ya ndege bado inakwenda inakotaka. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata. Yeye alipunguza nguvu ya injini mara moja, na pua ikalegeza ubishi.

"Tunarudi," akasema. "Tunazunguka kushoto tu, inakopenda yenyewe."

Akaizungusha polepole, uwanja ukiwa upande wake, akaiweka kwenye nyasi kwa mruko mmoja. Injini haijapoa, mimi nimeshafika mkiani.

Kwenye upenyo kati ya mkia na usukani, upande wa kulia, palikuwa na isale. Asiyetoka kwetu huenda halijui: ni jani refu la kijani, mmea wake ndio tunaopanda mipakani mwa vihamba. Mtu akikukosea akakuletea isale lililofungwa fundo, huwezi kukataa kumsamehe. Ukikataa, kosa linahamia kwako. Tumebatizwa, tunaimba kwaya, lakini isale hatuchezi nalo. Na hili lilikuwa limefungwa fundo safi kabisa kwenye bawaba ya chini, kisha upepo wa panga boi ukalisukumia ndani, likatafunwa na usukani mpaka likawa mboga.

Alikuwa amefika, anachechemea, uso umemwisha rangi.

"Hiki ni nini?"

"Isale."

"Naona ni isale! Nauliza linafanya nini hapa?"

"Nilikuwekea wewe. Mama yangu ndiye aliyelikata. Nilipanda Masama jana, nikamwambia nimekukosea. Akasema kama naogopa kukupa mkononi, niliweke mahali utakapolikuta. Wewe kila siku unazunguka mkia."

"Leo sikuzunguka! Nilikuona wewe huku, nikajua umeshakagua."

"Nami nilipotoka bandani nikakuta umeshapanda, umekaa kimya, nikadhani umelitoa. Nikadhani umekubali."

"Kama nimekubali ningenyamaza hivyo?"

"Wewe ukikubali ndiyo unanyamaza," akasema, na hapo hakukosea.

Nilimtukana kidogo. Nilimuuliza ni Mchaga gani huyu anayeomba msamaha kwa kubana usukani wa ndege, na kama tungekufa, huo msamaha angempa nani. Alisimama akapokea yote. Kisha nikacheka, nikaketi kwenye nyasi, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, kwikwi za mtoto, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu.

"Nilisema vibaya," alisema. "Haukuwa wa kukopa."

"Sililii hilo," nikamwambia. "Hizi springi zitafanya kazi. Nimezitengeneza mimi, zitafanya kazi. Utaruka peke yako. Mimi nitakaa wapi?"

Sikumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nalitengeneza hilo swali kwa nyundo. Nilichomoa isale kipande kwa kipande, nikalitia mfukoni. Nikamsamehe, maana sikuwa na njia nyingine.

Kuanzia hapo springi zilifanya kama nilivyosema. Fimbo kwenye jino jekundu, ndege inapanda na pua yake mbele, gololi katikati, mguu wake umelegea. Fimbo mbele, inashuka bila ugomvi. Nilikaa pembeni yake siku zote za majaribio, miguu chini ya kiti, sina kazi, na siafu wangu wa kanisani wakanirudia angani. Nilifungua kidirisha, nikakifunga. Nilikaza mkanda, nikaulegeza. Akaniambia niache kucheza na mlango.

Masika yakaisha, mkaguzi akaja. Mume wangu aliingia ndani peke yake, na kiti changu kikabaki kitupu, mkanda umefungwa juu yake usije ukarukaruka. Nilisimama kando ya mkaguzi mpaka ndege ilipoanza kukimbia, kisha sikuweza kusimama. Nilitembea hadi bandani, nikarudi, nikaenda tena. Mkaguzi alisema kitu juu ya hali ya hewa, nikamjibu kitu juu ya kitu kingine. Ndege ilipoinua pua nilisikia injini ikikaza, na mguu wangu wa kulia ukajikanyagia wenyewe pale kwenye nyasi. Niliikanyaga ardhi mpaka kisigino kikazama kwenye udongo wa mvua. Niliutazama nikaona aibu, lakini sikuuinua. Alipanda moja kwa moja kuelekea mlimani, hakuyumba, akawa mdogo, akageuka juu ya migomba, akarudi, akatua vizuri kuliko anavyotua nikiwa naye.

Mkaguzi alimpa mkono na kumwita kapteni. Nilifurahi. Nilifurahi kweli na nikawa na kinyongo kweli, na sikuweza kuvitenganisha. Jioni mama mkwe akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amerudi?"

"Amerudi salama."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

"Na wewe je?"

"Mimi nipo, mama."

"Hilo la kubaki chini nalo lina jibu lake," akasema, akaniuliza habari za ng'ombe.

Wiki zilizofuata aliruka sana. Mimi nilikuwa karakana, nanyoosha mlango wa gari la watalii lililopigwa na mti, na kila nikisikia mlio ule juu ya paa nyundo yangu iliangukia pasipotakiwa. Aliniambia niende naye, nikasema sina nafasi. Akaniambia tena, nikasema mzigo wa nini, mafuta yenyewe ghali. Nilifyeka majani yasiyohitaji kufyekwa. Nilihamisha kabati, nikalirudisha. Mabinti zangu wakanishauri nianze kufuga samaki.

Kisha ikafika Jumamosi moja asubuhi, anga safi, Kibo imevuliwa mawingu mpaka kiunoni. Hakuniomba. Aliniletea viatu vyangu mlangoni akaviweka vikitazama nje.

"Panda," akasema.

Nilizunguka mkia kwanza, bawaba moja moja, nikapapasa kila upenyo. Nikapanda, nikafunga mkanda, nikakunja miguu chini ya kiti. Akatia nguvu yote. Nyasi zikakimbia, magurudumu yakaachana na ardhi, na pua ikaanza kwenda kushoto. Nikatazama fimbo. Ilikuwa mbele kabisa, springi zimelegea. Nikangoja aivute. Kibo ikahama kwenda kulia. Gololi ikaanza kutambaa.

"Baba, fimbo."

"Fimbo gani?"

"Usinitanie, tuko angani! Vuta fimbo."

Alikuwa anatazama nje upande wake, kama mtu anayetafuta migomba ya mama yake kwa mbali. Nikatazama chini. Mguu wake wa kulia haukuwa kwenye pedali. Ulikuwa sakafuni, umepumzika.

"Haya," akasema.

Nikakunjua miguu kutoka chini ya kiti, nikakanyaga.